Kisu cha Mama Pelele

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa majabali, na ndani ya ufa wa majabali wakakaa mama na mwanawe. Sogeeni karibu, wanangu, hadithi hii husimuliwa kwa sauti ya chini.

Hapo zamani za kale, Pelele, yule mnyama mdogo wa majabalini asiye na mkia, alikuwa na mtoto mmoja tu, jina lake Masika. Siku moja Pelele alishuka kuchuma majani. Aliporudi alimkuta Chatu amejiviringisha mlangoni pake, amelala, na katikati ya mapindi yake pamevimba. Pelele akasimama.

Kisha akasikia sauti ikitoka tumboni mwa Chatu, ndogo kama ya mbu:

"Mama, mama, huku ni giza,
Mama, mama, huku ni joto,
Mama, mama, napungua."

Masika alikuwa hai. Lakini tumbo la Chatu halipasuki kwa kucha za pelele. Lilitaka kisu.

Pelele akakimbia mpaka kwa Fisi mhunzi, akamwomba kisu. Fisi akasema visu vyote vimekwenda harusini. Akamwomba amfulie kimoja. Fisi akasema mvukuto wa kupulizia moto umetoboka. Akamwomba basi amwazime hata nyundo. Fisi akacheka mpaka akakaa chini.

"Mama wewe, hata mkia huna, utakuwa na nyundo?"

Pelele akarudi analia, lakini macho yako chini, yanatafuta. Akaokota kipande cha jembe bovu. Akaokota jiwe gumu la mviringo, akalifunga kwenye mpini kwa kamba. Hiyo ikawa nyundo. Jabali la nyumbani kwake likawa fuawe ya kufulia chuma. Akakata tawi bichi, akalipasua katikati, akalilowesha maji. Hilo likawa koleo. Kwa maana koleo la kwanza haliwezi kuwa la chuma. Nani angelishika motoni likifuliwa?

Ukabaki mvukuto, na mvukuto hutaka ngozi. Kando ya jabali Pelele akaliona gamba alilojivua Chatu, refu, zima, halina tundu. Akaliokota. Upande mmoja akaufunga kwenye kijiti, upande wa pili akautia bomba la udongo.

Akawasha makaa, akatia kile kipande cha jembe, akavukuta. Fuu, fuu, fuu.

Chatu akauliza, "Nani anayehema?"

"Ni mimi, bwana. Mfiwa huhema."

Chatu akalala. Chuma kikawa chekundu. Pelele akakibana kwa tawi lake, akakiweka juu ya jabali. Ko, ko, ko.

Chatu akauliza, "Nani anayegonga?"

"Ni jirani yangu Kobe, bwana. Anatwanga mtama wa matanga."

Kobe alikuwa pale jirani, akasikia ametajwa. Akachukua mchi wake, akaanza kutwanga. Pelele akigonga, Kobe anatwanga, mpaka sauti zikawa moja, na Chatu akalala tena. Tawi la kwanza likaungua, Pelele akakata la pili. La pili likaungua, akakata la tatu.

"Mama, mama, huku ni giza,
Mama, mama..."

Kukawa kimya.

Kisu kilikuwa tayari kina umbo. Lakini kisu kisichozimwa majini ni laini, hupinda kama jani. Na chuma chekundu kikiingia majini hulia kama nyoka. Pelele akayatazama maji, akamtazama Chatu. Kobe akamnong'oneza asithubutu, akate hivyo hivyo.

"Shoga, kikipinda sitapata nafasi nyingine," Pelele akasema. Akakitumbukiza.

Chwaaaa!

Chatu akainua kichwa. "Nyoka gani huyo?"

Pelele akasema, "Ni mwenzio, bwana. Nimemwambia umekula, amecheka. Anasema wewe siku hizi huli vya kushiba."

"Mimi? Basi atazame mwenyewe."

Akakunjua pindi la kwanza. Akakunjua la pili. Akakunjua la tatu, akalala chali, akalitandaza tumbo lake juani.

Pelele hakungoja. Alipasua penye uvimbe, toka mwanzo hadi mwisho. Chatu alipotaka kugeuka, Kobe akamkalia kichwa, na Kobe akikaa, amekaa.

Masika akatoka, amelowa, amefumba macho. Pelele akamfuta kwa majani, akamwita. Akamwita tena. Mara ya tatu Masika akapiga chafya, akauliza mbona jua ni kali hivyo. Mama yake akacheka na kulia pamoja, na kisu bado yuko nacho mkononi, vidole vimekataa kukiachia.

Basi, wanangu, shida ikikufika usikae kizingitini kwa asiyetaka kukupa. Chombo duni ulichotengeneza kwa mkono wako ni bora kuliko kizuri cha mwenye kukunyima. Na kazi ukiianza, imalize, hata kama hatua ya mwisho ndiyo inayokutisha.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aichukue kwao, asiyeipenda aniachie hapa hapa.