Pelele na Ngiri Aliyetaka Kupigiwa Makofi

Hodi, jamani!
— Karibu, mtambaji!
Nimebeba!
— Umebeba nini?
Ngano!
— Itue tuione!

Basi naitua. Zamani, wanyama walipokuwa wakisomea biashara, palikuwa na chuo katika Bonde la Mikunazi. Mkuu wa chuo alikuwa Bi Korongo: miguu mirefu, shingo ndefu, maneno mafupi. Hapo ndipo Pelele na Ngiri walipohitimu, siku moja, darasa moja. Pelele, ambaye wengine humwita pimbi, ni mdogo, hata mkia hana. Ngiri mkubwa, ana meno yaliyopinda, na mkia anausimamisha kama bendera ya serikali.

Walipohitimu tu, Ngiri akaenda sokoni. Pale sokoni kuna mteremko, na kwenye mteremko Muhanga alikuwa amechimba mashimo mazuri, makavu, ya kufungulia duka. Ngiri akaona shimo, akasema, "Langu." Akaona jingine, akasema, "Na hili langu." Akaona la mwisho kabisa, bovu, mlango umeporomoka, akasema, "Na hili pia langu." Akalala katika moja. Mengine yakakaa matupu. Ukisogea, anakutolea meno: nghruu!

Pelele akakosa shimo. Akapanda juu ya jiwe moja kubwa, jeusi, linalochomwa na jua kutwa, akaanika kunazi. Kunazi zikakauka, zikawa tamu kama sukari. Kiangazi kikaja, miti ikapukutika, njaa ikaingia. Nyani akaja kununua. Tembo akaja kununua. Twiga naye akaja, akainamisha shingo, akanunua.

Habari zikamfikia Ngiri.

"Pelele ana wateja."

"Kwani ana nini yule?" akasema Ngiri.

"Pelele amenenepa."

"Kwani ana nini yule?"

"Pelele ameitwa chuoni akawape wanafunzi ushauri wa kazi."

Hapo Ngiri akautema mzizi aliokuwa akiutafuna. Pelele? Aliyekuwa akikaa nyuma darasani, haonekani kwa ufupi? Ndiye aitwe, yeye asiitwe?

Siku ikafika. Wanafunzi wakajaa uwanjani, Bi Korongo mbele yao, na Ngiri akaja pia, akasimama nyuma kabisa, kifua kinamwaka moto. Pelele akazungumza. Akawaambia waanze na kidogo walicho nacho. Akawaambia wamsikilize mteja kabla ya kumuuzia. Wanafunzi wakapiga makofi, pwa pwa pwa! Kila kofi likamwingia Ngiri kama mwiba.

Kisha Nguchiro, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, akasimama.

"Kaka Pelele, ushauri wako mzuri, tunashukuru. Lakini masika yanakuja. Mwezi huu tunamaliza chuo. Tutafungua biashara wapi? Mashimo yote ya sokoni yameshikwa na Bwana Ngiri. Wenzetu waliotutangulia wanazurura na vyeti vyao mpaka leo."

Wanafunzi wote wakageuka kumtazama Ngiri. Pelele naye akamtazama, akaona kwamba Ngiri hajali habari za mashimo, wala hamwangalii Nguchiro. Macho yake mekundu yako kwa Pelele tu, hayabanduki.

Aha, Pelele akajisemea. Kumbe huyu hataki mashimo. Huyu anataka nilicho nacho mimi.

Akapaaza sauti. "Mashimo? Mdogo wangu, shimo la nini? Anayekaa shimoni nani anamwona? Mimi nimefanikiwa kwa sababu moja tu: nakaa juu. Aliye juu huonekana. Aliye juu hupigiwa makofi. Nikiondolewa kwenye jiwe langu, mimi nimekwisha!"

Pwa pwa pwa pwa!

Ngiri hakungoja makofi yaishe. Guru guru guru guru, akakata katikati ya wanafunzi, mkia juu, mpaka mbele ya Pelele.

"Jiwe lako nalitaka."

"Aa, Bwana Ngiri! Jiwe tena? Chukua kunazi zangu."

"Nataka jiwe."

"Chukua jamvi langu."

"Jiwe!"

Pelele akaanza kulia, machozi njia mbili. "Mwanadarasa mwenzangu, utanifukuza nikalale wapi? Mvua inakuja, nina watoto!"

"Kalale kwenye mashimo," akasema Ngiri. "Si uko hodari wa kutoa ushauri? Kawashauri minyoo."

"Mashimo yapi?"

"Yote. Takataka zile, nani anazitaka?"

"Bi Mkuu," Pelele akalia, "umesikia anavyonionea?"

"Nimesikia," akasema Bi Korongo. "Yote."

Ngiri akalikimbilia jiwe. Kwa hasira aliyokuwa nayo alipanda kichwakichwa, kwaru kwaru kwaru, mpaka kileleni. Akasimama. Akaona bonde zima, na bonde zima likamwona. Roho yake ikatulia kidogo.

Huku chini Pelele akafuta machozi, akawagawia wanafunzi mashimo. Nguchiro akapata shimo, akafungua duka la mayai. Digidigi akapata shimo, akafungua duka la chumvi. Walewale waliokuwa wakizurura na vyeti wakapata mashimo. Masika yakapiga, puu puu puu, biashara zikaendelea ndani, pakavu. Pelele mwenyewe akahamia jiwe la jirani. Mawe bondeni yapo tele.

Na Ngiri? Ngiri akataka kushuka akale. Akaangalia chini. Pelele nyayo zake zinanata, ananing'inia popote. Ngiri ana kwato. Akaweka kwato moja, fyuu! Akairudisha upesi.

Nguchiro akapita. "Bwana Ngiri, mbona hushuki? Unalowa!"

"Niko kazini," akasema Ngiri.

"Umekula?"

"Nina kikao."

Nguchiro akamwonea huruma. Akampandishia mizizi. Kesho akampandishia tena. Wenzake nao wakaona aibu kumwacha peke yake, wakawa wanapokezana. Wenye nia njema wakatafuta gogo la kumshushia. Ngiri akawafukuza: nghruu! Ashuke, watu waseme ameshindwa, na Pelele asikie? Afadhali alowe.

Mwaka ukageuka. Wanafunzi wapya wakaingia chuoni. Wakamwona mzee mmoja juu ya jiwe, mkia umesimama, analetewa chakula, hafanyi kitu, anawatazama wote kutoka juu. Wakamwendea Bi Korongo.

"Bi Mkuu, mwaka huu tunamtaka yule. Yule ndiye aliyefanikiwa kweli."

Bi Korongo akakuna shingo. "Haya," akasema.

Chuo kizima kikaenda kukaa chini ya jiwe. Ngiri akakohoa. Akawaambia, "Wanangu, wengine watawaambia mwanze na kidogo. Msiwasikilize! Anzeni juu. Mkishafika, msishuke."

Pwa! Pwa pwa pwa pwa pwa! Wakapiga makofi mpaka kunguru wakaruka mitini. Wengine walilia. Makofi ya namna hiyo Pelele hajawahi kupigiwa.

Pelele alikuwa amekaa pembeni. Nguchiro akamgusa bega. "Kaka, umesikia? Tumcheke au tumwonee huruma?"

Pelele hakucheka. Mikono ilikuwa chini ya makwapa, imebana. "Wanamshangilia kwa lipi?" akauliza. "Wewe niambie. Kwa lipi?"

Asubuhi yake hakufungua biashara. Alionekana akizunguka bondeni peke yake, shingo ameinua, anatafuta jiwe refu kuliko lile.

Maneno yameniishia, jamani, na koo limenikauka.
— Kunywa maji, mtambaji!
Na funzo mnalitaka?
— Tupe!

Funzo ni hili: mwanafunzi akipata mtu aliyefika juu, amsikilize sana na asimuulize maswali, hasa kama mtu mwenyewe ameshindwa kushuka.