Tajiri Aliyetaka Sifa Zisizo na Uongo

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Kilemile, mwenye viwanda viwili vya sabuni, gazeti moja na uchu wa urais. Chama chake kilikuwa kwenye kura za maoni za kumteua mgombea, na kila gazeti mjini lilikwisha kumtaja mtu linayemuunga mkono. Hakuna lililomtaja yeye. Hata la kwake, Jogoo wa Mji, lilikuwa kimya, na aibu hiyo ndiyo iliyomtoa nyumbani na kandambili.

Alipoingia ofisini, mhariri mkuu alishikwa na homa papo hapo, akalaza kichwa mezani. Naibu wake akaaga kwenda kumzika shangazi ambaye, kwa hesabu yangu, alikuwa anakufa mara ya tatu. Wa kushika kalamu akabaki Mwajabu, msahihishaji, mjane mwenye watoto wanne na kibarua kimoja.

"Mwajabu," akasema tajiri, "andika kwamba gazeti hili linaniunga mkono. Ukurasa wa mbele. Nisifiwe mpaka wapinzani wangu waugue."

"Sawa, Mzee."

"Ila kamati ya maadili ya chama imesema anayesifiwa kwa uongo anakatwa jina. Nikikuta uongo mmoja, kibarua chako kimeota nyasi. Nisipoona sifa, kimeota nyasi vilevile."

Mwajabu akashika kalamu. Sasa msikilizeni mwanamke huyu.

"Bwana Kilemile hajawahi kushindwa uchaguzi."

Tajiri akatabasamu. "Sijawahi kugombea."

"Hilo hatukuulizwa. Pili, hakuna senti ya umma iliyopotelea mikononi mwake."

"Sijawahi kushika cheo cha umma."

"Ndiyo maana haikupotea. Tatu, wafanyakazi wake hawajawahi kulalamika kwamba nyongeza ya mshahara ni ndogo."

Tajiri akakohoa. "Sijawahi kuwapa nyongeza."

"Nao hawajasema ni ndogo. Uongo uko wapi, Mzee?"

Tajiri akaona anavuliwa nguo huku anapakwa manukato. Akakasirika hasa.

"Futa. Watu wa mji huu husoma kichwa cha habari pale kwa muuza magazeti, kisha huyo, wameondoka bila kununua. Nipe kichwa kimoja. Kiwe sifa tupu na ukweli mtupu. Ukishindwa, beba mkoba wako."

Mwajabu hakuomba hata muda wa kufikiri. Akaandika, akamsomea:

"Sisi wa Jogoo wa Mji, kuanzia mfagizi hadi mhariri mkuu, tunaomba kwa moyo mmoja Kilemile awe Rais."

Tajiri akaichukua karatasi akaisoma mwenyewe, mara mbili. Ilikuwa tamu mno, akaitilia shaka. Akawageukia wafanyakazi walioinamia meza zao.

"Haya ni kweli?"

"Kweli tupu, Mzee," wakaitikia wote, hata mhariri mkuu, ambaye homa ilikuwa imemwachia ghafla. Mfagizi akaongeza kwamba yeye anafunga Jumatatu na Alhamisi kwa nia hiyo hiyo.

Machozi yakamlengalenga tajiri. Mimi nilimhurumia, sitaficha.

"Kumbe mnanitakia mema kiasi hiki. Tangu lini, Mwajabu?"

"Tangu tuliposoma Katiba, Mzee. Rais haruhusiwi kumiliki gazeti. Siku utakayoapishwa, sisi tunapata bosi mwingine."