Meno ya Tuone

Wenye masikio mpo? Basi nisikilizeni, na atakayesinzia asiniulize kesho.

Mjane mmoja, Mwatumu, aliishi ukingoni mwa msitu. Aliokota kitoto cha mbwa, akakinywesha maziwa, akakiita Tuone. Siku moja akapita mgeni mwenye kanzu nyeupe. Hakusalimu. Aliuliza, "Mbwa wako ameota meno?"

"Ya utotoni," alijibu Mwatumu, huku akiwaza: mtu gani huyu, haniulizi hali yangu, anauliza meno ya mbwa? Meno hayo yalipong'oka aliyaokota, akayafukia chini ya kizingiti.

Tuone akawa dume la kutisha. Mgeni akarudi, kanzu ileile, haina hata mkunjo, akasimama mbali.

"Meno yake makali?"

"Makali. Sogea uone."

Hakusogea.

Miaka ikaenda. Tuone akapofuka, na Mwatumu akawa anamtafunia ugali na kumlisha kwa kidole. Kila jino lililoanguka alilifukia palepale. Majirani walimcheka: mbwa kibogoyo wa nini? Mgeni akarudi, hana hata unywele mmoja wa mvi.

"Meno yamekwisha?"

"Yamekwisha, baba. Karibu ndani."

Mgeni akatabasamu, mdomo ukapasuka hadi masikioni. Kumbe ni zimwi. Likakanyaga kizingiti, na kizingiti kikaling'ata mguu, kisiuachie.

"Ulisema yamekwisha!"

"Kinywani mwake," alisema Mwatumu, akaendelea kumtafunia Tuone ugali.

Yangu yameishia mlangoni. Mkitoka, kizingiti hicho mkiruke.