Mjomba Fisi na Vitafunio vya Kitambi

Nianze?
— Anza!
Mmekula?
— Tumekula!
Mmeniachia?
— Hata chembe!

Haya, basi nisimulie na njaa yangu. Mkisikia mngurumo, msikimbie, si simba, ni tumbo.

Hapo kale, nyuma ya mashamba ya mihogo, aliishi Bi Nguchiro. Alikuwa mdogo, mwembamba kama soksi iliyosahauliwa kwenye kamba, lakini hakuna jambo lililompita. Jirani yake alikuwa mbwa, Mama Kitambi. Kitambi ndiye mwanawe, wa pekee, aliyezaliwa mviringo kama tikiti, ndiyo maana wakamwita hivyo.

Kitambi akaachishwa ziwa. Sasa alitakiwa afundishwe kazi: kukaa akiambiwa kaa, kuja akiitwa, kuacha kubwekea mende. Na mtoto wa mbwa hafundishiki hivi hivi. Kila akitii, sharti apate kitafunio.

Kijijini pale palikuwa na desturi: chakula cha mtoto aliyeachishwa ziwa huonjwa kwanza na mjomba wake. Kama kina madhara, yampate mjomba. Ila Mama Kitambi hakuwa na kaka. Habari hiyo ikamfikia Fisi.

"Hodi, dada yangu!"

"Dada yako tangu lini?"

"Tangu asubuhi. Mtoto akose mjomba na mimi nipo? Watu watatuonaje?"

Mama Kitambi akayatazama yale mataya. "Karibu, kaka."

Akaleta kuku wa kuchemsha. Fisi akaonja. Kwapu! Kwapu! Kwapu! Sahani nyeupe.

"La haula! Kuku ana mifupa! Mfupa uliopikwa hupasuka, utamchoma mtoto kooni. Bahati nimeuwahi."

Kitambi akalamba sahani. Lamba, lamba, lamba.

Kesho yake Mama Kitambi akaleta minofu mitupu. Kwapu! Kwapu! Kwapu! Sahani nyeupe.

"La haula! Umetia kitunguu! Kitunguu ni sumu kwa mbwa, dada, hujui? Bahati nimekiwahi."

Kitambi akalamba sahani. Lamba, lamba.

Kesho yake tena akaleta yai. Halina kitunguu, halina chumvi, halina mafuta. Kwapu! Mara moja tu.

"La haula! Hili yai... lilinitazama kwa jicho baya. Bahati nimeliwahi."

Kitambi akalamba. Lamba.

Basi tumbo likaondoka, jina likabaki. Asubuhi moja mtoto aliambiwa "kaa", akakaa, akashindwa kuinuka. Mama yake akaenda mbio kwa jirani.

"Shoga, mwanangu anakwisha! Nikimfukuza Fisi, atatutafuna sote. Nikimwacha, mtoto atakufa na njaa."

Bi Nguchiro akajikuna shingo. "Huyo hafukuzwi, shoga. Huyo anauguzwa."

"Kwani anaumwa?"

"Kasema mwenyewe. Kala mifupa, kala sumu, kala jicho. Kama huyo si mgonjwa, mgonjwa ni nani?"

Akatoka kupiga mbiu. Na nyie mnajua watu walivyo: ukitangaza una njaa, kila mtu ana safari, ukitangaza mgonjwa, wanajaa mpaka uani. Wakaja Kanga, wakaja Mbuzi, akaja Kobe aliyeanza kutembea mapema. Wakaja na mashangazi wa Kitambi kutoka vijiji vya mbali, mbwa majike wenye shingo nene, kila mmoja na kanga yake kiunoni.

Fisi akaja kuonja, akakuta mkeka umetandikwa na chungu cha mwarobaini kinatokota. Bwata, bwata, bwata.

"Uwiii!" akalia Bi Nguchiro. "Mjomba wetu! Kajitoa kwa ajili ya mtoto!"

"Uwiii!" wakaitikia mashangazi.

"Nani mgonjwa? Mimi mzima!"

Bi Nguchiro akafuta chozi ambalo halikuwepo.

"Mzima? Ina maana chakula kile hakikuwa na neno? Ina maana umekula riziki ya mtoto, hivi hivi tu?"

Mashangazi wakainua midomo. Meno yakatoka nje kupunga upepo. Fisi akayatazama meno, akatazama mkeka, akaona mkeka ni laini zaidi.

"Aa... kweli, kuna maumivu kidogo. Hapa. Na hapa pia."

"Mlazeni!"

Wakamlaza. Shangazi mmoja akamkalia miguu, mwingine akashika kikombe. Gudu, gudu, gudu.

"Chungu!"

"Ndiyo dawa yenyewe, mjomba. Pole."

Bi Nguchiro akageuka. "Mgonjwa haonji. Leo nachagua mimi." Akachagua boga lililochemshwa bila sukari. Akachagua karoti, ya kukwangulia fizi zinazowasha. Akachagua samaki, akamtoa miba mmoja mmoja. Vyote akavikata vidogo, kiasi cha kucha.

"Na mayai?" akauliza Mama Kitambi.

"Mayai niachie mimi, shoga. Yale yana jicho baya."

"Kitambi, kaa!" Kitambi akakaa. Nyam! "Kitambi, njoo!" Akaja, anayumba, lakini akaja. Nyam!

Harufu ya samaki ikamfikia mgonjwa. "Nimepona!"

"Umepona? Mashangazi, mmesikia? Kumbe hakudhurika!"

"Naumwa! Naumwa!"

"Anaumwa. Kikombe." Gudu, gudu, gudu.

"Nimepona!"

"Kumbe hakudhurika!"

"Naumwa!"

"Kikombe." Gudu, gudu, gudu.

Mwisho Fisi akaruka na mkeka mgongoni, akakata mbuga. Puru, puru, puru! "Masikini," wakasema mashangazi, "sumu imempanda kichwani." Wakamfuata mbio na chungu chao, maana mgonjwa haachwi aende bila dozi.

Mpaka leo anakimbia. Ukisikia porini "hi-hi-hiii", usidhani Fisi anacheka. Anawaambia mashangazi kwamba amepona na anaumwa, yote kwa pamoja. Na Kitambi alinona tena, akakaa akiambiwa kaa. Kuhusu mende, bado anabweka.

Fundisho ni hili, watoto: mkubwa hasemi uongo. Mkubwa akikwambia chakula chako kibaya, na keshakimaliza, mwamini kabisa. Mpe pole, mlaze, kisha uchemshe mwarobaini.

Ngano yangu imelala hapo. Utamu wake nendeni nao nyumbani, uchungu mwachieni Fisi.