Kofia Juu ya Kifusi

Asiyeonyesha kifusi hategewi fuko. Jana mlinisikia nikimwambia hivyo yule kijana aliyekaa wiki nzima na jino bovu huku akiapa kwamba haumwi kitu. Mkacheka, kisha mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa huku huku kwenye vilima vya Njombe, mbele ya mlango wa mtu, mchana kweupe. Sikilizeni yalivyoanza.

Palikuwa na mzee mmoja aliyeitwa Ngailo. Tangu ujana wake hadi alipostaafu, kazi yake ilikuwa kuendesha greda, ule mtambo wa kusawazisha barabara za vumbi. Miaka thelathini aliona tuta akalilaza, akaona shimo akalifukia. Mtu akifanya kazi moja miaka yote hiyo, kazi nayo humfinyanga yeye. Ngailo alikuwa hawezi kupita kwenye mkeka uliokunjamana bila kuinama kuunyoosha, na mkewe, Mama Fausta, alikuwa akisema kwamba hata ugali wa mume wake usipokuwa bapa, hauliki.

Alipostaafu, alipanda ukoka mbele ya nyumba yake. Ukashika, ukatanda, ukajaa uwanja mzima. Alikuwa akiukata mwenyewe kwa mkasi mkubwa, amepiga magoti, kipande kwa kipande. Kijiji kizima hakikuwa na kitu kama kile. Wageni wengine walivua viatu kabla ya kuukanyaga, na Ngailo hakuwakataza.

Kijijini humo humo aliishi Mzee Mtewele, mtega fuko. Fuko mnamjua: mnyama mnene, macho kama punje za ulezi, meno ya mbele kama patasi, anaishi chini kwa chini akitafuna mizizi na viazi vya watu. Akichimba njia zake, udongo anausukuma juu, na ndio vile vifusi mnavyoviona mashambani. Mtewele alizunguka shamba hadi shamba na mzigo wake wa fito na kamba, na hapakuwa na fuko aliyemshinda.

Jumapili moja, watu wakiwa wanatoka kanisani, Ngailo alimwona Mtewele na mzigo wake wa fito, akapaza sauti ili wote wasikie. "Mtu mzima na mvi zake anashinda akiwinda panya wa ardhini! Fuko huingia kwa mvivu. Ukingoja kazi ya kwangu, Baba Erasto, utakufa njaa!"

Watu wakacheka. Mtewele naye akatabasamu. "Mungu akuzidishie, Baba Fausta," akasema, akaenda zake.

Kumbe mdomo ulikuwa umeshakiponza kichwa. Miezi miwili haikuisha, ikaletwa barua ya posa. Fausta, binti pekee wa Ngailo, alikuwa amependana na Erasto, mtoto wa Mtewele, fundi seremala mwenye adabu zake. Kijana mwenyewe Ngailo alimpenda. Ila barua ilisema ugeni utafika Jumamosi ya wiki ya pili, ukiongozwa na baba mzazi.

Fausta akampigia baba yake magoti. "Baba, nakuomba. Siku hiyo usiseme lolote la fuko."

"Nitasemaje la fuko mimi," Ngailo akajibu, "na fuko mwenyewe simjui?"

Jumatatu asubuhi fuko akaja kujitambulisha.

Kifusi kilikaa katikati ya ukoka, cheusi, kibichi, kama mtu aliyealikwa. Ngailo akatazama barabarani. Hapakuwa na mtu. Akachukua ndoo, akazoa udongo wote, akaupeleka nyuma ya banda la nguruwe, akarudi kuushindilia ukoka kwa mguu. Jumanne vilikuwa viwili. Jumatano vinne. Alhamisi akatafuta pipa, akalijaza maji, akalilaza, akawa analiviringisha juu ya ukoka kila alfajiri, huku akinguruma kidogo bila kujijua, kama vile yuko tena kwenye greda lake. Majirani walipopita kwenda shamba, walikuta uwanja umenyooka kama shuka iliyopigwa pasi na mwenyewe ameketi barazani anakunywa chai. Mgongo ulivyokuwa ukimwuma alijua yeye na mkewe.

"Mwite Mtewele," Mama Fausta akamwambia.

"Nimwite kwa mdomo upi? Huu huu uliomcheka?"

"Huo huo. Huna mwingine."

Akakataa. Lakini zilipofika ndoo kumi na mbili, akakubali nusu nusu. Fausta amwombe Erasto, Erasto aazime mitego mitatu kwa baba yake, na isemwe kwamba ni ya shangazi yake Fausta mwenye shamba la viazi. Fausta hakupenda. Hakuwahi kumdanganya Erasto hata siku moja. Alikwenda shingo upande, akasema alivyoagizwa.

Mitego ikaja, na maagizo ya Mtewele yakaja nayo: "Shangazi apake mikono udongo, fuko asije akanusa harufu ya mtu. Kisha atafute vifusi viwili vibichi, vya leo leo. Njia ya fuko imepita kati ya hivyo viwili. Hapo atoboe, atege. Fuko hapendi upepo uingie kwake. Akiusikia atakuja mbio na udongo wake kuziba, na atanaswa akiwa anaziba."

Ngailo akapaka mikono udongo, akatoka na mtego wa kwanza, akasimama. Mbele yake ukoka ulikuwa sawa kutoka ukuta hadi ua. Hapakuwa na kifusi hata kimoja. Vifusi vya leo leo vilikuwa nyuma ya banda la nguruwe, vimemwagwa pamoja na vya jana na vya juzi. Akakuna kichwa, udongo ukamwingia masikioni. Mwisho akatega kwa kubahatisha.

Siku ya kwanza hakunasa kitu. Siku ya pili alimnasa jogoo wake mwenyewe, na makelele yakamleta jirani uani. "Namfunza adabu," Ngailo akamwambia jirani, jogoo akining'inia mguu mmoja kwenye ufito.

"Viache vifusi asubuhi moja tu," Mama Fausta akamsihi, "upate kuiona njia."

"Watu wataviona."

"Si waone!"

Akajaribu. Kesho yake aliketi barazani, vifusi vitano mbele yake, mikono ameikalia. Alivumilia mpaka mtu wa kwanza alipokohoa barabarani. Hapo aliruka, akaikamata ndoo.

Jumamosi ikafika. Mabenchi yakapangwa juu ya ukoka, ya wenyeji huku na ya wageni kule, na Ngailo alikuwa amelipitisha pipa mara mbili kwa usalama. Wageni tisa wakaingia, Mtewele mbele, amevaa koti lake la sikukuu. Alipofika katikati ya uwanja, mguu wake wa kulia ukazama mpaka kwenye kifundo. Akautoa taratibu, akatazama chini, akamtazama mwenyeji wake.

"Kamwene, Baba Fausta. Uwanja mzuri."

"Kamwene. Ahsante. Ni ukoka tu."

Mtewele akaelekea kwenye benchi la wageni. Akaketi, viatu vyake vina udongo.

Mshenga wao, Mwalimu Chaula, akasimama, akakohoa, akaanza maneno ya posa kama yanavyosemwa. "Sisi ni wapita njia. Tulipokuwa tukipita, tumeona ua zuri limechanua katika boma hili, nasi..." Hapo akanyamaza. Kati ya mabenchi, hatua mbili kutoka miguuni pake, ukoka ulikuwa ukitikisika. Ukapasuka. Udongo mweusi ukachungulia.

Ngailo aliinuka, akavua kofia kana kwamba ameona joto, akaiweka juu ya udongo. "Endelea, Mwalimu."

"Ua hilo," Mwalimu akasema, macho yako kwenye kofia, "ua hilo tumelipenda..."

Kofia ikainuka upande mmoja. Ikashuka. Ikainuka tena, ikasogea kidogo kuelekea kwa wageni. Watu wa adabu zao hawakucheka, ila shangazi mmoja wa upande wa kijana alikuwa ameuma ncha ya kitenge chake na mabega yanamtetemeka.

Ngailo akamtazama binti yake. Fausta alikuwa amesimama mlangoni akingoja kuitwa, na yeye hakuwa na kicheko. Alikuwa akimtazama Mtewele kwa hofu, macho yamejaa machozi. Ngailo akaelewa. Uongo wa shangazi na shamba la viazi ulitoka kinywani mwa Fausta. Leo, mbele ya watu anaotaka kuwaita wazazi, ni yeye atakayeonekana mwongo, tena kabla hata hajaulizwa kama ameikubali posa. Yote hayo kwa sababu baba yake hakutaka udongo uonekane. Moyo ulimwuma mzee yule kuliko mgongo.

Akainama, akaichukua kofia. Kifusi kikakaa wazi mbele ya watu wote.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "nina fuko. Ninaye siku ya kumi na tatu leo. Shangazi hana shamba lolote lenye fuko. Mitego niliiazima mimi, na uongo ni wangu, mtoto nilimtuma tu. Nilikucheka mbele ya watu, sasa nakuomba radhi mbele ya watu. Nisaidie."

Mtewele akavua koti, akamkabidhi Erasto. "Nilijua tangu mguu wangu ulipozama," akasema. "Nilijua hata siku ya mitego. Shangazi gani anaazima mitego haulizi maswali? Nilikuwa nangoja uniambie tu. Mtu akisema hana fuko, nitamtegea nini?" Akapiga magoti kando ya kifusi. "Haya, vingine viko wapi?"

"Nimevisawazisha."

"Vyote?"

"Ndoo kumi na tisa."

Hapo Mtewele alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya ukoka na suruali yake ya sikukuu, na shangazi wa kitenge akaachia, na Mwalimu Chaula, na Mama Fausta, na mwisho Ngailo mwenyewe, akijifuta macho kwa ile kofia yenye udongo.

"Kifusi kimoja hakitoshi," Mtewele akasema alipopata pumzi. "Tumngoje atoe cha pili. Pandisheni miguu, asisikie mtu."

Basi posa ikasimama. Wakubwa kwa wadogo wakapandisha miguu juu ya mabenchi, kimya, kila mtu akiutazama ukoka. Ngailo, aliyekuwa akiomba vifusi visitokee, sasa alikuwa akimbembeleza fuko kwa kunong'ona: "Toa, baba, toa." Na fuko akatoa, chini ya benchi la mshenga. Shangwe iliyopigwa pale ilizidi ya goli.

Wazee wawili wakapiga magoti bega kwa bega. Ngailo alichimba, Mtewele akatega kitanzi ndani ya njia na kuukunja ufito. Kisha wote wakaenda kula. Chai ya pili ilikuwa haijamiminwa ufito ulipofyatuka, fuko huyo juu, mnene kuliko walivyodhani. Vigelegele vikapaa.

"Nikupe nini, mzazi mwenzangu?" Ngailo akauliza.

"Ninachokitaka kimo kwenye barua," Mtewele akajibu, "ila mwenye kukijibu si wewe."

Fausta akaitwa. Akaulizwa, kama ilivyo desturi, kama anawajua wageni hawa na kama barua yao ijibiwe. Akainamisha kichwa, lakini sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Nawajua. Ijibiwe ndiyo. Mimi nilikubali kabla ya huyo fuko."

Siku ya harusi, ulipofika wakati wa wazazi kutoa wosia, watu walijiandaa kwa hotuba ndefu, maana Ngailo alikuwa mtu wa maneno. Akasimama, akawatazama wale watoto wawili.

"Fuko atakuja kwenu," akasema. "Atakuja hata mkiwa watu wema, hata mkiwa wachapakazi, maana hufuata udongo laini. Siku akitoa udongo, msikimbilie ndoo. Mwonyeshane ninyi kwa ninyi. Mkishindwa, njooni mtuonyeshe sisi, tupo, na magoti tunayo. Asiyeonyesha kifusi hategewi fuko."

Akaketi. Watu wakayachukua maneno hayo kwenda nayo makwao, na mpaka leo hawajayarudisha.