Riwaya ya Sange na Jina la Kiboko

Nianze?
Anza!
Nikianza mtanikatiza?
Hatukukatizi!

Waongo wakubwa ninyi. Haya, hapo kale paliondokea Sange, kanyama kadogo kenye pua ndefu kama mrija. Mbona si Sungura? Sungura amechoka. Kila ngano Sungura, kila ngano Sungura, hata punda hupumzishwa. Leo ni Sange, na Sange huyo alikuwa binti mdogo aliyekuwa akiandika riwaya.

Riwaya yenyewe ilimhusu mama yake, aliyerudi ndani ya moto wa nyika kuwatoa wanawe. Akawatoa wote, yeye asitoke. Sange aliiandika kwa ncha ya pua, kwaru kwaru kwaru, akafuta, akaandika, akalia, akafuta tena. Alipomaliza akaipeleka kwa Kiboko, maana pori zima mchapaji alikuwa yeye peke yake. Alichapa kwa makalio. Wino chini, karatasi juu, Kiboko anakaa, pwaa, ukurasa tayari.

Kiboko akaisoma huku anatafuna.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Lakini haina kiboko."

Sange akamweleza kwa adabu kwamba mama yake hakuwahi kuonana na kiboko maisha yake yote. Kiboko akasema ndiyo sababu watu hurekebisha. Basi Sange akarudi shimoni, kwaru kwaru kwaru, akatia kiboko.

"Nzuri, mwanangu. Lakini kiboko huyu mbona hali?"

Sange akarudi shimoni, kwaru kwaru kwaru, kiboko akala tikiti.

"Nzuri, mwanangu. Lakini huyu mama anamziba kiboko. Mpunguze."

Hapo Sange alikasirika mpaka masharubu yakamsimama. Alipiga teke ukuta wa shimo, akaumia mguu, akaukasirikia na mguu. Mnacheka? Pikeni wali wenu vizuri, kisha mtu mzima aje aumwagie uji, awaambie sasa ndio umekolea, halafu tuone nani atacheka. Lakini angefanyaje? Mchapaji mmoja. Akampunguza mama yake, mstari kwa mstari, na kila mstari ulimuuma.

Kiboko akaisoma tena, akatabasamu mdomo mzima.

"Sasa kitabu chote ni mimi," akasema. "Kwa hiyo jina litakalokaa juu ya jalada ni langu."

Hakutaka jina, mlafi yule. Alitaka matikiti. Desturi ya pori ilikuwa hivi: mwenye jina juu ya jalada husimama juu ya kichuguu, akakisoma kitabu chake chote mbele ya watu, toka mwanzo hadi mwisho. Hali, hanywi, hashuki. Akimaliza, hupewa matikiti ya pori zima. Akishuka kabla ya mwisho, kitabu si chake tena.

Sange aliposikia habari ya jina alitaka kumng'ata. Akameza mate, akatulia, akafikiri. Kisha akasema kwa sauti laini:

"Sawa, Mzee. Lakini kiboko mkubwa kama wewe kula tikiti moja tu, si aibu hiyo? Niongeze?"

"Ongeza," akasema Kiboko.

"Na niandike kila alivyotafuna?"

"Kila alivyotafuna."

Sange akarudi shimoni. Kwaru kwaru kwaru, kiboko akala tikiti. Kwaru kwaru kwaru, akala jingine. Akala nyasi za ukingo huu, akala nyasi za ukingo ule, akacheua, akaanza upya. Kitabu kikanenepa mpaka ngiri wawili wakawa wanakibeba kwa kupokezana. Kiboko akakichapa chote, pwaa, pwaa, pwaa, bila kukisoma, maana wote mle ndani alikuwa yeye.

Siku ya kusoma ilikuwa ya kiangazi. Kiboko akapanda kichuguuni, akafungua. "Kiboko akala tikiti," akasoma, na watu wakapiga makofi. "Kiboko akala tikiti jingine." Mate yakaanza kumtoka. Matikiti yenyewe yalikuwa pale pale chini, yamepangwa. Jua likapanda. Ngozi yake ikakauka, kraa, kraa, na kiboko wa kitabuni alikuwa bado hajafika hata kwenye nyasi.

Akajaribu kuruka kurasa. Watu wakamwambia asiruke, wanataka kujua tikiti lile aliliwezaje. Akasoma. Kraa, kraa. Mwisho akakitupa chini.

"Nani ameandika upuuzi huu?" akafoka.

"Jina lako liko juu," wakamjibu.

"Si langu. Sikuandika hata mstari mmoja. Ni la Sange!"

Akaporomoka kutoka kichuguuni, akakimbilia mtoni, chubwi! Yakabaki masikio.

Sange akapanda. Akakisoma kitabu chake huku akichana. Tikiti hili, fyuu. Kutafuna huku, fyuu. Karatasi zikatapakaa kichuguu kizima, na mistari ya mama yake aliyoikata aliisema kwa kichwa, kwa kuwa ilikuwa haijamtoka. Mama akarudi motoni. Mama akatoa mtoto, akarudi. Akatoa mtoto, akarudi. Akarudi.

Nyumbu alikuwa analia waziwazi. Akajifuta, akainua mguu.

"Nzuri mno, binti yangu," akasema. "Lakini ungetia nyumbu kidogo."

Sange akashuka, akapasua tikiti lake, akala.

Ngano yangu nimeitua, anayeitaka aibebe. Na fundisho lake ni hili: kijana akiandika, awasikilize wakubwa wote, atie kila wanachotaka, wala asifute neno. Nimemaliza. Wewe uliyeinua mkono, ushushe.