Pimbi, Nyani na Jiwe la Asubuhi

Hadithi, hadithi!

Hadithi njoo!

Ije mikono mitupu?

Ije na jiwe!

Jiwe la nani?

La mwota jua!

Haya, nisogezeeni mkeka kidogo, mimi nimekalia ukingo tu. Na wewe mwenye miguu mirefu, ikunje, tuenee.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana magari ya watalii yalikuwa yamekwisha kuanza kupita, kulikuwa na Jiwe katika mbuga ya Serengeti. Mawe kule ni mengi, yamesimama makundi makundi katikati ya nyasi. Lakini Jiwe hili lilikuwa na jambo lake. Jua likichomoza, mahali pa kwanza kutua ni mgongoni pake.

Chini ya Jiwe, ndani ya ufa, aliishi Pimbi na watoto wake. Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene, hana mkia, na uso wake ni wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Madereva wa watalii huwaambia wageni kwamba huyu ni ndugu yake tembo. Pimbi aliposikia hivyo alishangaa, maana tembo alipita pale kila kiangazi na hata hodi hakupiga. Ndugu gani asiyefika hata msibani?

Sasa, Pimbi ana udhaifu wa ukoo. Baridi ya usiku humwingia mpaka mifupani, na asubuhi asipoota jua damu haichangamki. Mama yake aliota jua juu ya Jiwe lile, na mama wa mama yake. Ndiyo maana mgongo wa Jiwe ulikuwa laini. Matumbo ya pimbi waliotangulia ndiyo yaliyoulainisha.

Asubuhi moja akaja Nyani, dume la nyani, mabega hivi, meno hivi. Akapanda juu ya Jiwe, akaketi, tii. Pimbi akamwamkia kwa adabu, akamwomba asogee kidogo. Nyani akaonyesha meno. Mazungumzo yakaishia hapo.

Nyani hakuwa na haja na jua. Manyoya anayo ya kutosha. Haja yake ilikuwa tumbo. Magari yalikuja, vruuu, yakasimama hapo, wageni wakatoa vichwa juu ya paa, na vyakula vyao mikononi. Nyani akanyakua ndizi, kafu. Akanyakua chapati, kafu. Akanyakua yai la kuchemsha na ganda lake, kafu kafu. Kisha akalala chali juu ya Jiwe zima, mkono huku, mguu kule.

Huku chini watoto wa Pimbi wakatetemeka: tetete, tetete. Kitinda mimba akaanza kukohoa. Pimbi alimlalia usiku, akamlalia asubuhi, lakini yeye mwenyewe joto alikuwa hana. Aliogopa. Aliogopa kwamba yule mtoto hataiona masika.

Kulikuwa na jambo moja tu lililompunguzia Pimbi mawazo. Alikuwa na masikio. Na kulikuwa na dereva mmoja, Kaaya, mtu wa Meru, mwenye sauti ya taratibu, ambaye kila aliposimamisha gari pale aliwaeleza wageni wake watakakokwenda.

Kaaya akasema kuna mlima Kilimanjaro, juu umevaa kofia nyeupe na chini migomba imebanana. Moyo wa Pimbi ukaenda, Pimbi mwenyewe akabaki.

Kaaya akasema kuna Unguja, ambako karafuu zikianikwa, njia nzima inanukia. Moyo wa Pimbi ukaenda, Pimbi mwenyewe akabaki.

Kaaya akasema kuna ziwa huko Kigoma, refu halina mwisho, na maji yake maangavu hata unamwona samaki akiwaza. Moyo wa Pimbi ukaenda, Pimbi mwenyewe akabaki.

Lakini siku Kaaya aliposema kuna Kolo, njia ya Kondoa, ambako watu wa kale walichora juu ya miamba, wakachora twiga na tembo kwa rangi nyekundu, na mpaka leo michoro ipo, siku hiyo Pimbi alisahau kutafuna. Miamba! Si ndiko kwao? Akatamani mgeni mmoja aulize: je, pimbi naye walimchora? Hakuna aliyeuliza. Waliuliza kama kuna choo. Gari likaondoka, vruuu, na swali likabaki na Pimbi ufani.

Basi ikafika asubuhi ambayo kitinda mimba alikataa kunyonya. Pimbi akatoka, akapanda mpaka kwenye vidole vya miguu vya Nyani.

"Shikamoo, Bwana Nyani."

"Marahaba. Sisogei."

"Sikuja kukusogeza. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya makombo."

Nyani akaacha kutafuna. Pimbi akamweleza, pole pole, macho chini. Alisema amewatazama sana hawa wageni. Wanafika, wanasimama kidogo, wanaondoka mbio. Mtu haondoki mbio penye chakula kizuri. Anayekubali kunyang'anywa ndizi bila kugombana, lazima kuna kitu anakiwahi mbele. Wewe, Bwana Nyani, umewahi kujiuliza wanakwenda wapi?

Nyani hakuwahi kujiuliza. Kujiuliza si kazi yake. Akamtaka Pimbi amwambie.

Hapo Pimbi akafungua kinywa ili adanganye, na maneno yote ya Kaaya yakamtoka kama maji. Alisema mlima, sauti ikatetemeka. Alisema Unguja, macho yakamlowa. Uongo wa kawaida Nyani angeushtukia, maana na yeye ni mwongo. Lakini ule haukuwa uongo. Ilikuwa hamu, imepakwa uongo kidogo juu. Kofia nyeupe ya mlima, alisema, ni ugali walioumwaga upoe. Unguja kila nyani anaandaliwa sinia lake la pilau. Kigoma mawimbi yanawaleta samaki, migebuka, ufukweni, wamekwisha kukauka.

"Na huko Kolo," akamaliza, "wamechora wanyama wote mwambani. Na juu ya wote ameketi mmoja."

"Nani?"

"Nyani."

"Juu ya tembo?"

"Tembo yuko miguuni pake."

Nyani akajikuna kifua. Kisha akakumbuka. "Na Jiwe langu nimwachie nani?"

Pimbi akainamisha kichwa zaidi. Akasema jiwe likiachwa tupu hupoa, na likipoa humsahau mwenyewe. Lakini yeye na watoto wako tayari kujitolea. Watalilalia kila asubuhi, lisipoe, mpaka mwenyewe arudi. Nyani akafikiri, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

"Mlilalie vizuri," akasema. "Nikirudi nilikute na joto."

Likapita lori la vitunguu. Nyani akaruka, puu, juu ya magunia, na lori likaenda naye.

Mnaona? Meno hayakumtoa, kucha hazikumtoa, maneno yalimtoa. Asubuhi ile watoto wote wa Pimbi walipanda mgongoni mwa Jiwe, wakajilaza matumbo chini. Kitinda mimba akanyonya. Baada ya siku kadhaa kikohozi kikaisha, akaanza kuwakanyaga wenzake vichwani. Hadithi nyingine ningeimalizia hapa, tukale.

Lakini Pimbi alikuwa hatulii. Kaaya alisimama pale akamhadithia dereva mwenzake kwamba kuna nyani kaonekana Mto wa Mbu, anakula ndizi nyekundu kama aliyezilima. Pimbi akacheka. Mara nyingine akasema nyani huyohuyo kaonekana Moshi, analiparamia geti la mlima. Pimbi akacheka kidogo. Mara nyingine akasema wamemfumania bandarini Dar, botini kabisa, katikati ya magunia ya viazi. Pimbi akataka kucheka, kicheko kikamkwama. Aliyedanganywa yuko Unguja, na mjanja yuko palepale alipozaliwa, analinda jiwe.

Watoto walicheza, jua lilikuwepo, tumbo lilishiba. Hata hivyo alikaa akiangalia barabara, na kila vumbi lilipoinuka alinyanyua kichwa. Alikuwa anaogopa Nyani asije akarudi. Na alikuwa anaogopa asirudi.

Masika ikaja, ikapita. Nyasi zikakauka. Asubuhi moja vumbi likainuka barabarani, na ndani yake hakukuwa na gari. Alikuwa Nyani, anakuja kwa miguu, amekonda, sikio moja limechanika.

Watoto wakapiga mbinja, chwii, wakapotelea ufani. Pimbi alitakiwa kukimbia pia. Hakukimbia. Alikuwa na swali.

Nyani akapanda. Hakuonyesha meno. Akaketi ukingoni mwa Jiwe, akashusha pumzi.

"Ulinidanganya," akasema.

"Nilikudanganya."

"Ile nyeupe si ugali."

"Ikoje?" akauliza Pimbi, haraka kuliko alivyotaka.

Nyani akamtazama. Kisha akasimulia, kwanza kwa hasira. Alisema ile nyeupe ukiishika inaunguza kama moto, ukiifumbata inakuwa maji. Aliilamba, ulimi ukanata. Mbega wa mlimani walimpokea vizuri mno, wakamwita mangi, yaani mfalme, wakamkalisha kwenye tawi la heshima. Lakini mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu wakamtwika mzigo, akapanda na wapagazi, wale wanaojiita wagumu. Huko juu usiku alitetemeka tetete, tetete, mpaka sauti ile ikamkumbusha kitu.

"Ilikuwa inatoka humu ufani kila asubuhi," akasema. "Mimi nilidhani ni panzi."

Nyani akaendelea, na hasira ikaanza kumtoka bila yeye kujua. Alisema Unguja kweli kunanukia. Kima wa kule, wekundu mgongoni, wana adabu hujapata kuona. Walimwandalia sinia, wakalifunua, ndani mkaa. Mkaa mtupu. Wanautafuna kama miwa, wanasema ndiyo dawa ya tumbo. "Tafuna, mwanangu, usione haya, hapa ni kwenu." Akatafuna kwa heshima, krau krau. Siku ya tatu wakampeleka karafuuni, akachume. Akasema Kigoma maji ni maangavu kweli, na samaki anaonekana akiwaza, lakini hamwazii nyani. Sokwe wa huko walimpa kijiti, wakamwonyesha kichuguu, wakamwambia avue mchwa. Kutwa nzima alivua, na mkubwa wao akala.

"Maangavu kiasi gani?" akauliza Pimbi.

"Nilijiona nilivyokonda."

Moyo wa Pimbi ulikwenda mlimani, ukaenda Unguja, ukaenda Kigoma, na safari hii hakuuzuia. Alijua vizuri kilichokuwa kinakuja. Nyani amerudi, Jiwe ni la mwenye mabega, na kiangazi bado kirefu. Angeweza kutunga uongo mwingine wakati ule ule. Alikuwa nao tayari, unahusu Kilwa. Lakini badala yake akauliza.

"Na Kolo? Ulifika?"

"Nilifika. Hakuna nyani aliyeketi juu ya tembo."

"Yule nilimtunga." Kisha Pimbi akasema kwa sauti ndogo sana, "Na pimbi?"

Nyani alifungua kinywa, akakifunga. Akamtazama yule mnyama mdogo, masikio yamesimama, macho yamelowa kama siku ile aliposema Unguja. Hamu Nyani alikuwa ameijua sasa. Alikuwa amelala nayo juu ya mlima.

"Yupo," akasema.

"Yupo?"

"Upande wa chini, kwenye kona isiyofikiwa na mvua. Mdogo, mnene, hana mkia. Uso kama ameamshwa kabla ya wakati. Anaota jua."

Uongo Pimbi aliujua, ndiyo kazi iliyomlisha. Angemuuliza Nyani swali moja tu, kona ya mashariki au ya magharibi, angemkamata hapohapo. Hakuuliza.

"Sogea huku," akasema. "Hapo ulipokaa jua halifiki vizuri."

Kesho yake asubuhi akamwambia tena: simulia, anzia Kolo. Nyani akasimulia, Pimbi akasogea kumpisha. Kesho kutwa vivyo hivyo, na safari hii yule pimbi wa mwambani alikuwa na watoto pembeni yake. Haikupita muda Nyani akawa amelala chali juu ya Jiwe zima, mkono huku, mguu kule, kama zamani. Tofauti ni kwamba watoto wa Pimbi walikuwa wamelala juu ya tumbo lake, na tumbo la nyani lina joto kuliko jiwe. Kitinda mimba alikuwa kifuani kabisa. Na Pimbi alikaa sikioni, lile sikio zima, akisema: endelea.

Mtaniuliza kama pimbi yule yupo kweli huko Kolo. Mimi sijafika. Kama kuna aliyefika hapa, anyamaze.

Funzo la hadithi hii ni hili, mlishike: asikilizaye habari za mbali hunyang'anywa mahali pake pa kukaa. Kwa hiyo msisikilize hadithi, wanangu. Zibeni masikio. Nilipoanza nilikuwa ukingoni mwa mkeka. Tazameni sasa nimekaa wapi, na nyinyi mmekaa wapi.

Hadithi yangu naiacha hapa, juu ya jiwe. Aliyeipenda aiote, asiyeipenda asogee, wenzake wapate jua.